Kabla ya Kushika Bisibisi

Simu huja na maneno yale yale: "Fundi, seva imekufa." Nikifika, mara nyingi naikuta hai, feni zinavuma, ila mbele kuna taa ndogo ya rangi ya chungwa inayomweka siku nyingi bila mtu kuijali.

Seva si kama kompyuta ya mezani. Walioiunda walijua itaharibika, wakaipa pawa saplai mbili na diski zinazochomolewa huku kazi ikiendelea. Ndani yake kuna pia kikompyuta kidogo kisicholala hata seva ikizimwa, mradi umeme umo kwenye waya. Dell wanakiita iDRAC, HPE wanakiita iLO. Hicho huandika joto, volti, kasi ya feni na makosa ya RAM, kila tukio na saa yake. Mimi naanza kwa kukisoma. Vijana wengi huanza kwa kuzima na kuwasha, jambo linaloniudhi, maana diski iliyozunguka miaka bila kusimama ikishapoa inaweza kugoma moja kwa moja.

Diski nazo zina mtego wake. Kwenye RAID 5, yaani diski kadhaa zinazobebana, ikifa moja data bado ipo. Ukichomoa nzima kwa kudhani ndiyo mbovu, kilio. Kwa hiyo naamuru taa ya ile mbovu imweke, nasoma na namba yake, ndipo navuta. Seva isiyowaka kabisa naivua: naacha prosesa moja, RAM moja, pawa saplai moja. Ikiwaka, narudisha kimoja kimoja mpaka mkosaji ajitaje.

Ofisi moja ya mizigo hapa Tanga, seva yao ilikuwa ikijizima na kujiwasha mchana. Mhasibu alishalaumu umeme. Rekodi ilisema vingine: kosa la kumbukumbu, tundu A3. RAM ya seva husahihisha yenyewe biti moja ikikosewa. Zikikosewa mbili kwa pamoja huishia kugundua tu, na mashine husimama isije ikaandika uongo kwenye hesabu za watu. Makosa madogo yalikuwa yakirundikana wiki kadhaa kabla ya lile kubwa.

Hapo wengi wangeagiza RAM mpya. Mimi nilibadilishana tu: ya A3 ikaenda A1, ya A1 ikaja A3, kingine chochote sikugusa. Kosa likihama na RAM, RAM ndiyo mbovu. Likibaki pale pale, tatizo ni tundu, bodi au pini za prosesa.

Likabaki A3.

Nikamulika tochi ndani ya tundu. Miguso ilikuwa imeshika ukijani, hasa upande wa dirisha, ambalo walilifungua kiyoyozi kilipoharibika, na upepo wa bahari ukaingia na chumvi yake. Nikasafisha kwa spiriti ya aisopropili, nikaacha pakauke vizuri, nikarudisha. Tuliiwekea kazi nzito hadi jioni. Rekodi haikuongeza kosa hata moja.

"Kwa hiyo fundi," mhasibu akasema, "hujabadilisha kitu, na bado unataka hela?"

"Ndiyo, mama," nikamjibu, nikamwonyesha kwenye simu bei ya bodi mpya. Akasaini, kisha akamtuma kijana akafunge dirisha.