Msichana wa Diff apewe chakula kinacholingana na kazi yake

Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una uzito wa kilo 20 hivi. Msichana wa Diff, Wajir Kusini, anayeubeba kutoka kisimani, akaenda kuchunga mbuzi na jioni akacheza mpira, anafanya kazi ya mwanamichezo.

Msichana wa miaka 14 hadi 18 huhitaji takriban gramu 0.85 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayetumia nguvu nyingi huhitaji gramu 1.2 au zaidi. Basi mwenye kilo 50 alenge gramu 60 hivi.

Kiasi hicho hakihitaji unga wa protini wa dukani. Vikombe viwili vya maziwa ya ngamia yaliyochemshwa vina gramu 15 hivi. Bakuli la maharagwe yaliyoiva, 15. Vipande vichache vya nyama ya mbuzi iliyopikwa, gramu 60 kwa mizani, vina 16. Yai moja, 6. Anjera na ugali hujaza pengo. Nyama ikikosekana, githeri inafaa sana, kwani protini ya mahindi na ya maharagwe hukamilishana. Protini igawanywe asubuhi, mchana na jioni, maana mwili hauiweki akiba. Mwezi wa Ramadhani, daku lisiwe chai na anjera tu.

Hata hivyo, protini peke yake haitoshi. Chakula kikipungua kwa jumla, mwili huichoma kama kuni badala ya kujenga misuli na damu. Hapo ndipo ukame unapowaumiza wasichana. Misimu ya mvua ilipokosekana mfululizo tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mifugo wengi walikufa. Ngamia wanapopelekwa malisho ya mbali, maziwa huenda nao: wachungaji, aghalabu wanaume na wavulana, huyanywa huko, na walioachwa nyumbani hubaki na chai ya rangi na ugali.

Msichana anayechoka kila mara, au ambaye hedhi yake imekatika, apelekwe kituo cha afya. Nanyi wazazi, mnapogawa chakula, msimpakulie binti mwisho. Maziwa yakiadimika, maharagwe yasikose chunguni, na sahani yake ijae kama ya kaka yake.