Batri ya ndege ndogo: chunga macho yako

Ndugu mfanyakazi, batri ya risasi ya ndege ndogo ni ndugu yake batri ya lori. Lakini lori likizimika unashuka, mnasukuma. Huko juu, dinamo ikifa, batri ndiyo inayobaki kulisha redio.

Batri ya volti 24 ina vyumba 12, kila kimoja volti 2. Bamba zikionekana, zifunike kwa maji yaliyotoneshwa tu. Si ya bomba, wala asidi. Kujaza mpaka alama kungoje kuchaji kuishe, kwa sababu maji hupanda, na asidi ikimwagika hula chuma cha ndege.

Batri ikichajiwa hutoa hidrojeni. Ikifika 4 kwa mia hewani, cheche moja yatosha kuilipua. Fungua madirisha, zima sigara, vua pete na saa. Ukitoa nyaya anza na ya hasi; ukirudisha, hiyo iwe ya mwisho.

Tena, wengi husahau: kipimo kilichoingia katika batri ya nikeli-kadimi kisiguse hii. Asidi kidogo tu huiharibu ile nyingine.

Asidi ikiruka jichoni, fungua jicho, osha kwa maji mengi dakika 15 au zaidi, kisha mbio kwa daktari. Usiseme «nimalize kwanza».

Nawa mikono kabla ya kula. Nawe mama, nguo zake za kazi zifue peke yake, mbali na za watoto: vumbi la risasi hudhuru ubongo wao.