Huoguo: Sufuria Moja, Walaji Wengi

Huoguo ni mlo wa Kichina unaopikwa mezani na walaji wenyewe. Sufuria ya supu huwekwa juu ya jiko katikati ya meza ikichemka muda wote, na kila mtu hutumbukiza anachotaka kula.

Supu hutofautiana. Beijing hutumia sufuria ya shaba yenye bomba la makaa katikati. Nyama ya kondoo huivishwa katika maji yenye tangawizi na vitunguu vya majani, kisha huchovywa kwenye rojo la ufuta. Chongqing hupendelea mafuta ya ng'ombe, pilipili kavu na pilipili ya Sichuan, inayotia ulimi ganzi. Wasioafikiana hutumia sufuria iliyogawanywa: huku supu kali, huku isiyo na pilipili.

Nyama hukatwa nyembamba kama karatasi, hivyo huiva upesi. Matumbo ya ng'ombe hutumbukizwa na kuinuliwa kwa sekunde 15 hivi. Yakizidi hapo huwa magumu. Viazi hutangulizwa kwa kuwa huchelewa kuiva. Tambi huja mwishoni, supu ikiwa imekolea. Vijiti vilivyoshika nyama mbichi havitumiki kulia.