Kabla ya kumlaumu mchoma nyama wa Krismasi, kagueni bomba

Desemba iliyopita tulikuwa watu 19 katika nyumba ya bibi, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Siku ya tatu baada ya Krismasi watoto watatu walianza kuharisha, kesho yake akafuata shangazi. Lawama zote zilikwenda kwenye mbuzi, na kwa baba mdogo aliyemchoma. Hadi leo ukimtania kuhusu jambo hilo ananuna.

Bomba halikutajwa na mtu yeyote. Maji ya pale ni ya mserereko, yanashuka kutoka kwenye chanzo huko juu, ni ya baridi na hayana rangi. Mjini tunachemsha na kuchuja, lakini tukifika kijijini tunakinga kiganja kwenye koki na kunywa. Hata mimi, ninayeandika habari za afya kila wiki, nilikunywa hivyo hivyo.

Fundi aliitwa Januari kwa sababu nyingine kabisa. Maji ya jikoni yalikuwa yakitoka kama uzi, na asubuhi yale ya kwanza yalikuwa na rangi ya chai. Bomba lenyewe ni la chuma, babu alilitandaza mwaka 1979 kutoka barabarani hadi nyumbani, likipita katikati ya kihamba, chini ya migomba na kahawa. Alipofukua sehemu iliyokuwa na tope hata siku za jua, fundi alikuta maungio yamefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli na kukazwa kwa waya. Aliyefanya kazi hiyo hajulikani. Hatua nne kutoka hapo lipo shimo la maji taka la choo cha ndani, lililochimbwa miaka mingi baada ya bomba kuwekwa.

Niliposimuliwa hivyo kwenye simu, nilinyamaza kidogo.

Wengi wetu tukiona bomba linavuja tunafikiria bili. Ni kweli hasara ipo, maana koki inayodondosha tone moja kila sekunde humaliza karibu ndoo ya lita 20 kwa siku. Lakini vijijini maji hayatoki saa zote, na hapo ndipo hatari ilipo. Yanapokatika, yaliyobaki ndani ya bomba yanateremka kuelekea chini, na yakiteremka yanavuta nyuma yake. Tundu lililokuwa likitema maji linaanza kunyonya. Kama nje yake kuna tope lililochanganyika na maji ya chooni, hilo ndilo linaloingia, na maji yakirudi linasukumwa hadi kwenye glasi. Kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu vyote huweza kupita njia hiyo.

Kutu nayo ina mchango wake. Yenyewe si sumu ya kuogopwa kama watu wanavyodhani, ila ukuta wa bomba uliojaa kutu ni mahali pazuri pa vijidudu kujishikiza, na chuma kinacholika hupunguza nguvu ya klorini iliyowekwa kwenye maji.

Siwezi kuapa kwamba bomba ndilo lililowaumiza watoto wetu. Hatukupima maji, na zahanati walipewa dawa ya chumvi na sukari wakapona. Mbuzi bado ni mshukiwa. Lakini kati ya watu 19, waliougua ni walewale waliokuwa wakicheza na koki ya nje mchana kutwa, pamoja na shangazi aliyekuwa akiosha mboga pale.

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji fundi. Funga koki zote usiku, soma mita, kisha isome tena alfajiri kabla mtu hajatumia maji. Namba zikiwa zimesogea, maji yanapotelea mahali. Kwa choo cha kuvuta maji, tia rangi ya chakula kwenye tangi lake na usivute kwa nusu saa. Rangi ikishuka kwenye bakuli, kuna mpira umechoka ndani ya tangi. Nje, tafuta mahali ambapo majani yamestawi kuliko kwingine wakati wa kiangazi. Na kumbuka kwamba kwa kawaida kuanzia kwenye mita kuja nyumbani bomba ni lako. Kabla ya mita ni la wanaosimamia mradi wa maji, na hao wanapaswa kuambiwa mapema.

Kazi iliyokuwa ngumu zaidi kwetu haikuwa ya kuchimba. Fundi alisema kubadilisha ungio moja ni kujidanganya, kwa sababu chuma cha umri ule ukikikaza hapa kinapasuka pale. Bibi hakutaka kusikia.

"Hilo bomba babu yenu aliliweka kwa mikono yake. Ninyi mnalikata kama muwa?"

Kundi la familia la WhatsApp likagawanyika. Waliokuwa upande wa kiraka walisema wanamheshimu bibi, ingawa nadhani baadhi walikuwa wakiheshimu mifuko yao. Mwishowe shangazi, mgonjwa wetu, alisafiri mwenyewe akampeleka bibi kwenye lile shimo, akamwonyesha umbali. Bibi alitazama, akauliza tu kama migomba itakatwa.

Njia mpya ilihamishiwa upande wa pili wa nyumba, mbali na shimo. Nje limewekwa bomba jeusi la plastiki, linalouzwa kwa roli ndefu, hivyo lina maungio machache na halishiki kutu. Limefukiwa zaidi ya nusu mita ili jembe lisilifikie. Ndani ni PPR, yale ya kuunganishwa kwa moto, ambayo hayatakiwi kuachwa juani. Koki kuu ya kufungia maji, ambayo ilikuwa imeganda kiasi kwamba fundi aliivunja, sasa iko mlangoni na kila mtu anajua ilipo.

Katika kazi hiyo tuligundua jambo ambalo lilinitia aibu. Koki ya jikoni ilikuwa ikidondosha miaka yote, na tulizoea kumwambia bibi, "Bibi, funga maji vizuri." Vidole vyake vina baridi yabisi, hakuwa na nguvu ya kuizungusha hadi mwisho. Hakuwahi kusema. Tumemwekea koki ya mkono mrefu inayofungwa kwa kusukumwa robo mzunguko tu, anaweza hata kwa kiwiko.

Bomba jipya pia huingia na uchafu wa dukani na wa mtaroni, kwa hiyo lioshwe. Kwa tangi la lita 1,000, safisha kwanza, jaza maji, tia lita moja ya dawa ya klorini isiyo na manukato yenye nguvu ya asilimia 5. Fungua kila koki hadi unuse klorini, zifunge, acha usiku mzima. Maji hayo hayanywewi wala hayapikiwi, na yasimwagwe kwa wingi kwenye shimo la choo. Yamwage, jaza mapya, acha yatiririke hadi harufu iishe. Ukiwa hujui dawa yako ina nguvu gani, muulize afisa afya wa kata. Tangi liwe na mfuniko unaobana. Na maji ya kunywa bado tunachemsha, hata kama chanzo tunakiona kwa macho.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja mara mbili kuulizia bomba la zamani. Bibi alimfukuza. Vipande vimekuwa uzio wa bustani yake ya mchicha.

Desemba hii tunarudi. Baba mdogo ametangaza kwamba mwaka huu hashiki kisu, mbuzi atafutiwe mtu mwingine.