Usukani na Breki za Gari Kuukuu: Safari ya Mbesa

Gari lililotupeleka Mbesa, mkoani Ruvuma, lilikuwa limeundwa kabla dereva wake hajazaliwa. Lilikuwa pikapu ya dizeli yenye usukani wa pawa, nasi tulitoka Njombe alfajiri. Tulipofika Lukumburu, ambako barabara huteremka kutoka nyanda za juu kuelekea Songea, kijana yule alitoa gia, akazima injini, akaliacha gari liserereke. “Hapa, mwalimu, ndipo tunapobana mafuta,” akaniambia. Kona ya kwanza tuliipita kwa ukimya wa kupendeza. Kona ya pili ilimlazimu kuukumbatia usukani kwa mabega yote mawili, na alipokanyaga breki, aliikuta ngumu kama jiwe. Nilimsihi awashe injini. Aliwasha, na hatukupatwa na neno.

Katika mafunzo yangu yote ya ng’ambo sikupata kuonyeshwa mfano ulio wazi kuliko huo wa jinsi gari linavyotegemea vimiminiko.

Kila mwanafunzi wa sekondari ameisikia kanuni ya Pascal, mtaalamu wa Kifaransa aliyefariki mwaka 1662: kanieneo inayotiwa katika kimiminiko kilichofungiwa huenea pande zote bila kupungua. Tuseme mguu wa dereva unasukuma pedeli kwa nyutoni 200, na wenzo wa pedeli unaikuza kani hiyo mara nne, ikawa nyutoni 800. Kani hiyo ikisukuma pistoni ya silinda kuu yenye eneo la sentimeta 4 za mraba, kila sentimeta ya mraba ya mafuta ya breki hubeba nyutoni 200. Kule gurudumuni, pistoni yenye eneo la sentimeta 20 za mraba itabana diski kwa nyutoni 4,000. Hata hivyo, dereva hafanyi kazi hiyo peke yake. Lile duara kubwa la bati lililo nyuma ya silinda kuu humsaidia mguu kwa kutumia ombwe, na katika gari la dizeli ombwe hilo huvutwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa hubaki akiba ya kukanyaga mara moja au mbili tu.

Usukani nao una pampu yake, inayozungushwa na mkanda. Mhandisi Mmarekani Francis W. Davis alibuni mfumo huo katika miaka ya 1920, na kampuni ya Chrysler ikawa ya kwanza kuuza magari madogo yenye usukani wa namna hiyo mwaka 1951. Injini ikizimika, magurudumu bado yataufuata usukani, lakini uzito wote humwangukia dereva. Kwa hiyo kuzima injini mteremkoni ni kuwafukuza wasaidizi wawili kwa mpigo mmoja, na tena ni kuikataa breki ya tatu isiyo na gharama, yaani gia nzito.

Tupime kazi yenyewe. Gari la kilo 2,000 likiteremka kimo cha meta 500 hupoteza jouli milioni 10. Nishati hiyo ingeweza kuchemsha lita 30 hivi za maji yaliyotolewa mtungini. Kulisimamisha gari hilohilo mara moja kutoka mwendo wa kilometa 60 kwa saa ni jouli 280,000 tu. Asiyetumia gia huipeleka karibu nishati yote ya mteremko kwenye padi na drami, na joto hilo husafiri hadi kwenye mafuta ya breki.

Hapa ndipo penye hatari iliyofichika. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa, kidogo kidogo, hata kupitia mipira ya breki, na masika ya Ruvuma hayana uhaba wa unyevu. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinachotakiwa hushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika. Jaza bomba la sindano maji, ziba ncha kwa kidole, kisha sukuma: hakiendi kitu. Acha humo povu moja la hewa, usukume tena. Ndivyo pedeli inavyozama hadi sakafuni. Basi mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hayajapungua, na fundi atoe upepo gurudumu kwa gurudumu. Katika magari mengi huanzia lililo mbali zaidi na silinda kuu.

Kosa baya zaidi hufanywa kwa nia njema. Kopo la breki likipungua, mtu humimina mafuta ya usukani, ambayo mara nyingi ni mekundu, kwa kuwa ndiyo yaliyopo dukani. Haya hutokana na petroli ghafi, na raba za silinda za breki hazikuundwa kwa ajili yake: huvimba, hulainika, na pistoni hukwama. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani: vipande viwili vya mpira wa ndani wa tairi vilivyo sawa, kimoja kwenye mafuta ya taa, kingine kwenye maji, kwa juma moja, kisha vipimwe kwa rula.

Barabara ya Songea hadi Tunduru, iliyokuwa ikiyalaza malori topeni, sasa ni ya lami. Sote tumefurahi, lakini gari kuukuu lililozoea kilometa 40 kwa saa sasa hukimbizwa 80, na breki zake hudaiwa nishati mara nne, wala si mara mbili. Kisha ukiiacha lami, mawe huchubua mipira ya breki na vumbi hula viungo vya usukani.

Tulipofika Mbesa nilimwomba kijana afanye jaribio moja. Injini ikiwa imezimwa, alikanyaga breki mara tano hadi ikawa ngumu, akaendelea kuikandamiza, kisha akawasha. Pedeli ilizama kidogo chini ya mguu wake, kama inavyopasa. Msaidizi alikuwa mzima. Alipoendelea kukandamiza, haikushuka tena, maana yake hapakuwa na uvujaji. Kisha tulifungua kopo. Mafuta yaliyopaswa kuwa na rangi ya asali nyepesi yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala. Aliyatazama kwa muda mrefu, akaniuliza chupa mpya itapatikana wapi kabla hatujarudi Lukumburu.