Kuchuchumaa na Chuma Mgongoni

Kuchuchumaa na chuma mgongoni, zoezi ambalo jimu nyingi huliita skwati, hujenga misuli ya mapaja, makalio na ile inayousimamisha uti wa mgongo. Chuma cha Olimpiki cha wanaume kina kilo 20 kikiwa kitupu, cha wanawake kilo 15. Anayeanza hujifunza nacho kikiwa kitupu, au kwa fimbo.

Chuma huwekwa kwenye stendi usawa wa kifua, ili kitolewe kwa kukunja magoti kidogo, bila kusimama kwa ncha za vidole. Hukalia nyama za juu ya mgongo, kamwe si mfupa wa shingo. Miguu hutanuliwa usawa wa mabega, vidole vikielekea nje kidogo.

Kabla ya kushuka, mnyanyuaji huvuta pumzi na kukaza tumbo. Hewa iliyobanwa hulifanya tumbo kuwa gumu na kuushikiza mgongo. Hata hivyo, kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu kwa muda. Mwenye presha, maradhi ya moyo au ngiri amwone daktari kwanza.

Nyonga na magoti hukunjwa kwa pamoja, magoti yakifuata mwelekeo wa vidole, visigino vikibaki chini. Mwaka 1961 mtafiti wa Marekani, Karl Klein, alidai kuwa kuchuchumaa hadi chini hulegeza kano za goti. Tafiti za baadaye hazikuthibitisha dai hilo kwa magoti yenye afya. Wala si kosa goti kupita vidole vya mguu: likizuiwa, kiwiliwili huinama mbele na mzigo huhamia nyonga na kiuno. Kina kinachofaa ni kile kinachofikiwa kabla mgongo haujaanza kupinda.

Vyuma vya usalama vya stendi hupangwa chini kidogo ya pale chuma kinapofika mtu akiwa amechuchumaa kabisa, ili akishindwa aushushie mzigo hapo. Penye makopo ya zege yanayotumika kama uzito, kila kopo lipimwe kwenye mizani, kwa kuwa upande mmoja ukizidi mwili hupinda.

Uzito huongezwa kidogo, mathalani kilo 2.5, baada ya mizunguko yote kukamilika bila mkao kuharibika. Maumivu makali ya goti au kiuno, au ganzi inayoteremka mguuni, ni sababu ya kuacha zoezi na kutafuta matibabu.