Mto Ruaha Mkuu na Jirani Zake

Maji ya Ruaha Mkuu huanzia milima ya Kipengere na Uporoto, hushuka bonde la Usangu penye mashamba ya mpunga, hutulia katika kinamasi cha Ihefu, kisha huenda Mtera na Kidatu, yazungushapo mitambo ya umeme. Zamani mto huu ulitiririka hata kiangazi. Walakini tangu 1993 mkondo wake umekatika mara nyingi, viboko wakasongamana matopeni. Sababu moja kubwa ni mifereji iachwayo wazi hata baada ya mavuno. Walio juu hunywa kwanza. Walio chini ni jirani zao vilevile. Basi tukiisha kumwagilia, na tuufunge mfereji, wala tusilime kandokando ya chemchemi. Na watoto wetu tuwafundishe hivyo.